Nchi za U na nchi za Bu

Novemba 1857 msafara wa Richard Burton na John Hanning Speke uliingia Kazeh, kituo cha biashara karibu na ilipo Tabora ya leo, baada ya zaidi ya miezi minne ya mwendo wa miguu kutoka pwani. Wenyeji wao walikuwa Waarabu wa Oman waliokwisha kuzoea bara. Aliyewafaa kuliko wote alikuwa Snay bin Amir wa ukoo wa Harthi, mtu wa vitabu na wa pembe za ndovu pia, aliyewahi kufika mpaka ikulu ya Kabaka Suna. Burton alikaa naye barazani, akiuliza na kuandika. Mazungumzo yalikuwa ya Kiarabu, lakini majina ya nchi yalitajwa kama wapagazi na viongozi wa misafara walivyoyatamka njiani: Unyamwezi, Usukuma, Ukerewe, Unyoro, Uganda.

Safari yenyewe ilikuwa imechochewa na jina la namna hiyo. Wamisionari wawili waliokaa pwani, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, walikuwa wamechora ramani kwa masimulizi ya wasafiri, na katikati ya bara wakaweka ziwa moja kubwa la kutisha, lenye umbo la konokono asiye na gamba, wakaliita bahari ya Uniamesi. Ramani hiyo ilipochapishwa Ulaya mwaka 1855 na 1856, wataalamu wa jiografia wa London walibishana, kisha wakatuma watu kwenda kuangalia.

Burton alitoa kitabu chake mwaka 1860, Speke cha kwake 1863, na wote wawili waliona haja ya kumpa msomaji wa Kiingereza somo fupi la sarufi. U ni nchi, M ni mtu mmoja, Wa ni watu wengi, Ki ni lugha: Ugogo, Mgogo, Wagogo, Kigogo. Somo ni sahihi kabisa, ila ni somo la Kiswahili, na nchi nyingi walizokuwa wakiziandika hazikuwa za Waswahili.

Kabaka Suna hakutawala Uganda. Alitawala Buganda. Watu wake walikuwa Baganda, mmoja wao Muganda, na lugha yao Luganda. Wasukuma mpaka leo hujiita Basukuma. Kisiwa kikubwa cha Ziwa Victoria tunachokiita Ukerewe, wenyewe hukiita Bukerebe. Katika jina hilo Kiswahili kimetafuna b mbili kwa mpigo, ya mwanzo na ya mwisho.

Speke hana lawama hapa, maana b ilianza kupotea karne nyingi kabla yake. Wanaisimu wanakubaliana kwamba katika lugha mama ya Kibantu palikuwa na kiambishi kilichosikika karibu na bu, na kwamba kila lugha ilikwenda nacho kwa njia yake. Ushahidi wa njia ya Kiswahili tunao mdomoni. Tunasema nyumba mbili, lakini watu wawili na vitu viwili. Mzizi ni ule ule. Katika mbili, m iliyotangulia iliikinga b. Pasipokuwa na kinga, b ililegea ikawa w. Ndivyo ba- ya watu ilivyokuwa wa-, na abantu babiri wa Luganda wakawa watu wawili wa pwani. Bu- nayo ikawa wu-, na kwa kuwa w haina pa kushika mbele ya u, ikabaki u- peke yake.

Neno moja la kila siku linatosha kuonyesha jambo hilo lilivyosambaa. Sisi tunasema usiku, na Wachewa wa Malawi husema vivyo hivyo. Wakikuyu na Wakamba husema ũtukũ, nao wameiangusha b. Kizulu kimeitunza na kuiongezea irabu mbele: ubusuku. Kitswana kinasema bosigo, na Kisotho bosiu, maana kule kusini u ya zamani ilishuka ikawa o. Hakuna aliyekopa kwa mwenziwe.

Pwani lakini kulitokea jambo la pili lililoficha la kwanza. Palikuwa na kiambishi kingine, lu-, nacho kikapoteza l yake. Hili tunaweza hata kulikadiria kwa tarehe. Yaqut al-Hamawi, mwanajiografia aliyefariki mwaka 1229, anataja kisiwa kikubwa cha nchi ya Zanj, makao ya mfalme na kituo cha majahazi, ambacho watu wake walikuwa wamehamia Tumbatu. Tumbatu tunaijua. Kisiwa chenyewe amekiandika kwa herufi zinazosomeka Lanjuya au Lunjuya, na wengi waliochunguza historia ya pwani wanaona kwamba hiyo ni Unguja kabla haijapoteza l. Ikiwa wako sahihi, basi jina la Unguja limewekewa kumbukumbu kwa wino wa Kiarabu katikati ya safari yake kutoka lu- kwenda u-.

Matokeo yake ni kwamba u- ya Kiswahili inabeba watu wawili wasiofanana. Ulimi ulikuwa wa lu-, na Waganda bado husema olulimi, Wanyarwanda ururimi. Utu ulikuwa wa bu-, na hao hao husema obuntu na ubuntu. Mswahili haoni mpaka kati yao mpaka afike kwenye wingi: ulimi una ndimi, utu hauna kitu. Mwalimu anayefundisha ngeli darasani anajua usumbufu huo vizuri, ingawa vitabu vingi vya shule haviusemi ulikotoka.

Maana nayo haikukaa mahali pamoja. Somo la Burton na Speke lilisema U ni nchi, kana kwamba ndiyo kazi yake ya asili. Kazi yake ya zamani ni hali: utu, uzuri, ugonjwa, woga. Kutoka hali ya kuwa Mgogo, au mamlaka ya Wagogo, ni hatua fupi kufika mahali Wagogo wanapokaa, na lugha nyingi zimepiga hatua hiyo, Kiswahili na Luganda zikiwemo. Kizulu hakikupiga. Kina ubuntu na ubusuku, lakini nchi ya Wazulu ni kwaZulu, kwa kiambishi cha mahali. Watswana waliita nchi yao Botswana, ilhali jirani zao Wasotho, ambao lugha yao na Kitswana zinakaribia kuelewana, waliita yao Lesotho, kwa kiambishi cha ngeli nyingine kabisa. Wanyarwanda nao wakaiweka nchi yao kwenye ru-, ambayo ndiyo lu- ya zamani.

Luganda kimekwenda mbali zaidi. Obu- huko ni hali na ni nchi, lakini pia ni wingi wa vitu vidogo. Akatale ni soko, masoko ni obutale. Akatiko ni uyoga mmoja, ukiwa mwingi ni obutiko. Ukivuka mpaka kuingia Rwanda, aka- bado ni kidogo, lakini wingi wake ni utu-, na ubu- haihusiki. Waganda nao wanayo otu-, ila wameitengea vitu vya kimiminika na vya kiasi: maji ni amazzi, na maji kidogo ni otuzzi. Kiswahili sanifu kilikwisha kuachana na ka- hiyo na kazi ya kudogosha kikaipa ki-, ndiyo maana tuna kitoto na vitoto.

Wapagazi, wakalimani na wake wa njiani waliishi ndani ya tofauti hizi kila siku, na walizimudu bila kitabu. Ushahidi nilioupenda kuliko wote ni jina la Ulaya. Ulaya ni neno la Kiarabu, wilaya ile ile tunayoijua kwa mkuu wa wilaya, na halikuwahi kuwa na kiambishi cha Kibantu wala b yoyote. Lakini bara lilipolisikia kutoka kwa watu wa misafara, lilisikia u- ya Uganda na Unyoro. Waganda wakajua la kufanya: wakairudishia b na kusema Bulaaya. Wabemba wa Zambia wakasema Bulaya. Kinyarwanda kikasema Uburayi. Walirudisha kitu ambacho hakikuwahi kupotea. Mtu hawezi kukosea hivyo bila kwanza kuwa na kanuni kichwani, kwamba u- ya watu wa pwani ndiyo bu- yetu.

Kanuni hiyo hiyo ilikuja kuandikwa kitaalamu mbali sana na njia ya Kazeh. Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyezaliwa Berlin mwaka 1827, alikuwa ameandika tasnifu yake Bonn mwaka 1851 kuhusu namna lugha za kusini mwa Afrika zinavyogawa nomino. Baadaye akaishi Cape Town akitunza maktaba ya Sir George Grey. Mwaka 1862 alitoa sehemu ya kwanza ya sarufi yake linganishi. Alivipanga viambishi vya lugha hizi kwa namba, na bu- akaipa namba 14, ambayo inayo mpaka leo katika vitabu vya isimu duniani kote. Familia nzima aliipa jina alilolipata kwa kulinganisha maneno ya mtu na watu: Bantu. Alikuwa amezungukwa na lugha za kusini zilizoitunza b. Angekuwa mkutubi wa Unguja, huenda leo tungekuwa tunasoma juu ya lugha za Kiwatu. Kiswahili kimelipokea neno lake kwa ukarimu wa ajabu na kusema Wabantu, wa- juu ya ba-, kiambishi kimoja kimevikwa mara mbili.

Mwaka huo huo wa 1862, mwezi Februari, Speke alikuwa mbele ya Mutesa, mwana wa Suna. Fikiria neno lilivyosafiri katika ukumbi ule. Speke alizungumza Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa utumwani, akakulia Gujarat na kurudi Zanzibar akiwa mtu huru. Bombay aligeuza maneno kwa Kiswahili, na aliyejua Kiswahili na Luganda akayafikisha kwa Kabaka. Jibu lilirudi kwa njia hiyo hiyo. Neno Buganda likitoka kinywani mwa Mutesa lilifika kwenye daftari la Speke likiwa limepita pwani, na pwani hakuna bu-.

Mwanahabari Henry Morton Stanley alipofika kwa Mutesa mwaka 1875, hali ilikuwa imezidi kuegemea huko. Mutesa mwenyewe alikuwa na Kiswahili, na mkalimani wa Stanley, kijana Dallington Maftaa aliyesomeshwa na misheni ya UMCA Zanzibar, alibaki ikulu kama mwandishi na msomaji wa Biblia. Barua ya Stanley ya kuomba wamisionari ilitoka katika gazeti la London mwezi Novemba ikilitaja jina Uganda kana kwamba halikuwahi kuwa na sura nyingine. Wamisionari wa CMS walifika mwaka 1877, na mafundisho yao ya mwanzo yalitegemea sana Injili za Kiswahili zilizotafsiriwa na Edward Steere kule Unguja. Walijifunza Luganda baadaye. Kufikia hapo jina lilikuwa limekwisha kukauka kwenye ramani.

Halafu likawa sheria. Juni 1894 Uingereza ilitangaza himaya yake ya Uganda, na nchi iliyokusudiwa ilikuwa ufalme wa Kabaka. Miaka miwili baadaye himaya ikanyooshwa kufunika Bunyoro, Toro, Ankole na Busoga, na jina likanyooka nalo. Mkataba wa Machi 1900, uliotiwa saini na Sir Harry Johnston pamoja na watawala wa muda wa Kabaka Daudi Chwa, aliyekuwa mtoto wa miaka mitatu, kwa Kiingereza unasema Ufalme wa Uganda. Mwaka uliofuata mmoja wa hao waliotia saini, Katikkiro (waziri mkuu) Apolo Kagwa, alichapisha kwa Luganda historia ya wafalme wake, na kwenye jalada aliandika Buganda.

Kidogo kidogo yakawa majina mawili ya vitu viwili: Uganda kwa himaya yote, Buganda kwa ufalme uliomo ndani yake. Hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo. Kama Speke angeandika alichokisema Mutesa, nchi nzima ingeitwa Buganda, na sidhani Wanyoro, waliopoteza ardhi kubwa kwa Baganda katika vita vya miaka ya 1890, wangelivumilia jina hilo hata siku moja. Matamshi ya wapagazi yaliwapa jina ambalo si la kabila lolote kikamilifu, ingawa kila mtu anasikia limetokana na lipi.

Kusini Waingereza walifuata njia nyingine. Walisikia majina moja kwa moja kwa wenyeji. Robert Moffat alikuwa amemaliza kuitafsiri Biblia yote kwa Kitswana mwaka 1857, wakati Burton na Speke bado wako njiani kwenda Kazeh. B haikupotea. Lakini makarani walichukua jina la watu, kiambishi chao ba- kikiwa kimeharibika kidogo, wakaligandisha na neno la Kiingereza la ardhi: Basutoland mwaka 1868, Bechuanaland mwaka 1885. Ulikuwa mshono mbaya, nao ulifumuliwa kwa urahisi. Mwaka 1966 zote mbili zilipata uhuru, Septemba na Oktoba, na kila moja ikachukua kiambishi chake cha nchi, bo- na le-.

Urundi ilikuwa kesi ngumu kidogo. Wajerumani walitawala Afrika ya Mashariki kwa Kiswahili, kwa makarani, askari na walimu wa Kiswahili, hivyo majina ya kaskazini magharibi yaliingia ofisini kwa sura ya pwani: nchi ikawa Urundi, na kituo cha jeshi kwenye Ziwa Tanganyika kikawa Usumbura. Wabelgiji walioiteka mwaka 1916 hawakuwa na sababu ya kupenda Kiswahili, lakini walirithi mafaili, na mafaili yana nguvu kuliko watu. Kwa zaidi ya miaka 40 ulimwengu uliandika Ruanda-Urundi, jina moja lenye lu- ya zamani upande huu na bu- iliyokatwa upande ule. Tarehe 1 Julai 1962 Warundi waliitwaa b yao. Urundi ikawa Burundi na Usumbura ikawa Bujumbura. Kiswahili kimekubali nusu tu ya marekebisho hayo: tunasema Burundi bila shida, lakini watu wake kwetu ni Warundi na lugha yao Kirundi, hata katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, ambako Kiswahili kinasemwa.

Huko Kongo, Kiswahili chenyewe ndicho kilichorudi kwenye b. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na wafanyakazi wa migodi walitoka kwa Waluba, Wabemba na wengine ambao lugha zao hazijawahi kuachana na ba- na bu-. Walipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya nyumbani, walikivisha walichokuwa nacho. Watoto wakawa batoto. Ugali, chakula cha kila jioni, ukawa bukari. Mtu wa Dar es Salaam akisikia bukari hucheka, akidhani Kiswahili kimeharibika; kumbe u- ya ugali wake ndiyo changa, na ya Lubumbashi ndiyo kongwe, japo imefika huko kwa kuzunguka.

Uganda ilipata uhuru Oktoba 1962, miezi mitatu baada ya Burundi, na haikubadili kitu. Isingeweza: b ilikuwa tayari ina mwenyewe. Kabaka Mutesa wa Pili alifanywa rais wa nchi, Milton Obote akiwa waziri mkuu, na kwa muda u- na bu- zilikaa kwa mtu mmoja. Haikudumu. Tarehe 20 Mei 1966 baraza la Buganda, Lukiiko, lilipitisha azimio kwamba serikali ya Uganda iondoke kwenye ardhi ya Buganda kabla mwezi haujaisha. Kampala iko Buganda, kwa hiyo azimio lilimaanisha serikali ijiondoe katika mji wake mkuu. Siku nne baadaye jeshi lilishambulia ikulu ya Mengo. Mutesa alitoroka na kufia London mwaka 1969, na katiba ya 1967 ikafuta falme zote. Ufalme wa Buganda ulirudishwa mwaka 1993, bila madaraka ya kiserikali.

Baganda, kwa upande wao, walihitaji neno la raia wa nchi nzima lisilomaanisha wao peke yao. Hawakulitafuta mbali. Walilichukua jina lile lile lililowatoka likiwa Buganda, likafika pwani likawa Uganda, likaenda London likatamkwa kwa y mbele, wakaliandika Yuganda na kulipa kiambishi chao: Munnayuganda ni raia mmoja, Bannayuganda ni raia wote, na Baganda wakabaki watu wa Kabaka. Kiswahili, kilichoileta u- hiyo, hakijapata neno kama hilo. Magazeti yetu bado huwaita wote Waganda, pamoja na Mwacholi wa Gulu ambaye lugha yake haina ngeli hata moja ya Kibantu.